Sahani Chini ya Kawa

Bofu, Likoni
Jumapili, 18 Juni 1989

Dada Mwanarehema, shikamoo.

Kama kuna mtu hapa Likoni aliyezaliwa na bahati kunizidi mimi, basi hajapanda feri yangu, maana ningemjua. Wengine Mungu kawapa mashamba, wengine kawapa sauti ya kuadhini. Mimi kanipa wageni. Haipiti siku, dada. Wananijia kama nzi kwenye embe, na sisemi kwa ubaya, kwani nzi naye ajua palipo patamu.

Juzi alipita karani mmoja wa bandarini, Mkamba, akiuliza njia ya Mtongwe. Kuuliza njia tu. Aliondoka karibu na Magharibi, mkanda wa suruali ameulegeza matundu mawili, kala wali wa nazi na mchuzi wa papa mpaka akasahau Mtongwe alikuwa akienda kufanya nini. Kabla yake mume na mke kutoka Kwale, na kuku wao. Kabla yao Mjerumani, wallahi, Mjerumani mzima mwenye miguu myekundu, gari lake lilimzimikia mlangoni kwangu akienda Diani. Nilimsemesha Kijerumani changu cha feri, ambacho ni "karibu", "pole" na "rudi nyuma ya mstari". Alikula kwa mkono. Kaniachia kofia yake, ninayo kichwani sasa hivi nikikuandikia.

Kazi yangu waijua. Wasiojua husema ni kufunga kamba na kupiga filimbi. Waache. Malori ya tani thelathini yasimama kwa kidole changu hiki hiki kilichobanwa na mlango wa madrasa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kidole changu kimefika chuo kikuu.

Nyamvula mke wangu bado yuko kiwanda cha nguo, Changamwe, aondoka alfajiri arudi jua limezama. Watoto ni watano: wawili wasoma asubuhi, wawili mchana, mmoja haijulikani asoma lini. Lakini hayo hayatuzuii. Sahani ya mama haijakosa kupakuliwa hata siku moja. Kila adhuhuri iko barazani chini ya kawa, kama ulivyoniusia siku ya arubaini yake. Na baraza lenyewe nalipaka rangi nyekundu kila Idi, mtu akikaa mapema huondoka na alama nyuma.

Wakumbuka siku mama aliponikalisha barazani nikiwa na miaka minane, akanihudumia kama bwana mkubwa? Alishaiona nyota yangu tangu siku ile.

Nduguyo mwenye wageni wake,
Ishaka


Mumias
3 Julai 1989

Mdogo wangu Ishaka, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa jikoni, ugali ukashika chini. Miaka kumi na tisa sasa naishi na watu wema, wananipa kuku, wananipa mboga ya maziwa, lakini hakuna aliyewahi kunipa tui. Uliposema wali wa nazi nilifunga macho.

Ila ile hadithi ya nyota yako umeisimulia nusu, nami nusu ya pili ninayo, pamoja na kovu. Sahani ilikuwa ikipakuliwa adhuhuri, ikafunikwa kawa, na hapana mtu wa nyumba aliyeigusa mpaka iadhiniwe alasiri. Asipopita mtu, mama alituma mtoto barabarani: "Kanitafutie mgeni." Siku hiyo ulitumwa wewe. Ukajificha nyuma ya choo cha kina Mwinyihaji, ukahesabu mpaka ulipoishia kuhesabu, ukarudi ukasema barabarani hapana mtu. Ulikuwa na njaa, uliitaka sahani.

Mama hakukupiga. Alikuketisha barazani, akakumiminia maji ya kunawa, akafunua kawa. "Karibu bwana. Watoka wapi? Jamaa zako hawajambo? Safari ilikuwaje?" Nawe ukala ukilia, kamasi zikiingia kwenye mchuzi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikacheka mpaka nikaangukia mbuzi ya kukunia nazi. Goti langu lina meno yake hadi leo.

Huku salama. Mwaka wa pili unakwisha tangu mume wangu Mzee Shabani anitoke. Wanawe wakubwa wanafanya matengenezo ya nyumba. Mmoja kaniambia, tena kwa heshima, kwamba chumba changu kitahitajika baada ya mavuno. Walilelewa vizuri, wana adabu.

Nakuuliza jambo moja, unijibu hilo tu, usiniletee Wajerumani. Chumba cha mama, kile cha uani, siku hizi chalala nani?

Dadako,
Mwanarehema


Bofu, Likoni
Jumapili, 23 Julai 1989

Dada, shikamoo, na hongera kwa matengenezo. Waambie wakutilie sakafu ya saruji na dirisha la upande wa upepo. Mimi ningekuwa karibu ningesimamia mafundi kwa filimbi.

Waniuliza chumba cha mama. Kile hakilali kitupu, dada. Wiki hii kina Elkana na mkewe Jael na watoto wao, watu wa huko huko magharibi kwenu, wamelala kama dagaa kwenye kapu. Wakitoka hao kuna wengine wameshaweka jina. Hata mimi mwenye nyumba nikitaka kuingia hubisha hodi, na siku nyingine siitikiwi. Mahali pa kutupa mkeka hapana. Mama angekuwapo angecheka mpaka ashike ubavu.

Tena kuna kubwa zaidi. Agosti mama atimiza miaka mitano tangu atutoke. Nimeipanga khitma, Alhamisi tarehe kumi. Maalim keshaitikia, sufuria mbili za msikiti nimeshaziazima, mbuzi nimemchagua mwenyewe, ana ndevu kama mjomba Mwidani. Mlango utakuwa wazi tangu asubuhi, aliye na mwaliko na asiye nao. Ungekuwapo tu, dada. Lakini najua una mafundi.

Nduguyo,
Ishaka


Bofu, Likoni
Jumapili, 20 Agosti 1989

Dada, shikamoo.

Barua yako sijaipata, lakini siwezi kungoja, habari zitachacha.

Khitma ya mama ilikuwa khitma. Baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ukuta wa jirani. Masinia kumi na manne, na kila sinia lilirudi limelambwa. Maalim alisoma, sauti ikakatika mara mbili, si kwa huzuni, kwa pilau. Ngowa mwenye duka, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kiberiti, alileta tende mwenyewe.

Na kulikuwa na jambo, sijui nikwambieje. Alikuja mwanamke mmoja mgeni, kajifunika, hakuna aliyemjua. Hakusema katoka wapi. Nikaacha kila kitu, dada, nikampakulia kwa mkono wangu huu kwenye sahani ile ile ya mama. Alikula polepole, akaomba dua, akaenda zake. Watu wakaulizana ni nani. Mimi nikawaambia, mgeni haulizwi, hulishwa.

Ulikosekana wewe tu.

Ishaka


Bombolulu
10 Septemba 1989

Ishaka,

Itazame stempu. Si ya Mumias. Barua yako ya khitma ilifika huko ikanikosa, mke wa mtoto wa marehemu akaitia bahasha nyingine, ikanifuata hapa Bombolulu kwa Kadzo, yule wa mguu mfupi tuliyekuwa tukisuka naye makawa utotoni. Sasa yuko kwenye karakana ya vikapu, ana chumba kimoja cha kupanga, na nusu ya chumba hicho kanipa mimi. Mwezi sasa.

Alhamisi tarehe kumi Agosti nilikuwa Likoni. Nilishuka basi asubuhi na begi moja na kifurushi cha njugu, sikukuarifu, nilitaka kukushtua. Feri niliyopanda ilikuwa yako. Filimbi niliisikia kabla sijakuona, na kofia niliiona kabla ya kichwa. Nilikuwa nimejifunika uso kwa ajili ya vumbi la safari. Ukanipungia kidole, ukasema, "Sogea mbele, mama, mbele kuna nafasi." Nikasogea. Nikajiambia, yuko zamu mpaka adhuhuri, kisha ataiwahi khitma yake.

Nikaja Bofu. Nimezaliwa katika nyumba ile, na niliipita mara mbili, kwa sababu nilikuwa natafuta baraza jekundu. Baraza hakuna. Kuna ukuta wa matofali na kidirisha. Ningeipita mara ya tatu kama si ule mlango wenye alama ya shoka la baba. Na mlangoni palikuwa na kufuli.

Kulikuwa na jirani anaanika nguo. "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia nimekuja kwenye khitma. Akalitazama kufuli, akanitazama mimi.

"Khitma ya nani? Hapa hakuna mtu mpaka jioni. Mama yuko Changamwe, baba yuko feri, watoto wanashinda kwa wenzao. Ni watu wazuri hawa, lakini wana haraka. Jumapili nawasalimia, siku zingine nasalimia migongo yao."

Alinitolea kigoda, akanipa ugali na omena, dagaa wa kwao. "Ni kidogo, mama, lakini ni moto." Jina lake Jael, mumewe Elkana. Nikamuuliza kama aliwahi kulala katika chumba cha uani. Alicheka. "Sisi tuna chumba chetu hapa tangu themanini na sita. Kile hakifunguliwi. Ufunguo baba anauvaa shingoni na filimbi. Sisi tunafikiri ameweka mali." Na baraza? "Walijenga hapo chumba cha wasichana, mwaka juzi."

Nilikaa kwenye kigoda cha Jael nikilitazama kufuli lako tangu adhuhuri. Ilipoadhiniwa alasiri nikainuka. Saa za mgeni nyumbani kwa mama zilikuwa hizo. Nilimwachia njugu, sikumpa jina, nikamwomba asiseme.

Sasa nasoma kwamba alikuja mwanamke mgeni, kajifunika, ukampakulia kwa mkono wako kwenye sahani ya mama. Mimi nilikula omena za Jael.

Sikukuomba mbuzi wala pilau. Nilikuuliza chumba cha mama chalala nani. Wale watoto walikuwa wananitoa, Ishaka, kwa adabu, lakini wananitoa, na nyumba nyingine sina. Mtu mzima haombi kwao, hungoja aambiwe karibu. Wewe ukaniandikia hata mahali pa kutupa mkeka hapana. Nikaamini. Nikaja hata hivyo, nikidhani katika msongamano huo hatakosekana mtu wa kunisogelea kidogo.

Mwanarehema


Bofu, Likoni
Alhamisi, 14 Septemba 1989

Wifi Mwanarehema, shikamoo.

Ni mimi Nyamvula. Barua yako ilifika jana. Ishaka aliisoma amesimama, kisha akakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Tangu hapo hajafanya utani hata mmoja. Watoto wananiuliza kama baba anaumwa.

Nimeisoma na mimi. Hiyo khitma, wifi, nimeisikia kwako. Barua zake huzifunga mwenyewe kwa mate, nami nilidhani anakuandikia habari za watoto.

Lakini na mimi nina langu, na nitalisema kwa heshima. Mama alipokuwapo, yeye alipika, wewe ulikuna nazi, shangazi yenu alichota maji. Mikono ya wanawake watatu ilikuwa chini ya ile sahani moja. Kazi ya wanaume ilikuwa kukaa barazani na kusema karibu. Mama alipotutoka nilibaki mimi na mtoto wa mgongoni, na kiwanda. Nilijaribu. Nilipakua alfajiri kabla ya kutoka, nikafunika kawa, nikaenda kazini. Nikirudi nakuta kawa limepinduliwa na kuku. Siku arubaini na mbili, wifi, niliwalisha kuku wa mtaa mzima wali wa nazi. Siku ya arubaini na tatu nikaiosha sahani, nikaipandisha kabatini. Ishaka aliniona, akatwaa filimbi yake akaenda zamu. Nikajua amekubali. Kumbe aliendelea kuipakua kwenye barua.

Baraza tulilivunja pamoja. Wasichana wamekua, hawawezi kulala na ndugu zao wa kiume. Nilimwambia, kuna chumba cha mama. Akaniambia kile hapana, akachukua nyundo, akaanza na baraza. Alipiga akilia, nikadhani ni vumbi.

Sahani siionei haya. Kufuli la siku ile nalionea haya. Njoo. Sikuiti uje kukuna nazi. Nazi atakuna Ishaka, nimeshamwonyesha mbuzi ilipo.

Wifi yako,
Nyamvula


Bofu, Likoni
Jumapili, 17 Septemba 1989

Dada Mwanarehema, shikamoo.

Hii ni barua ya tano kuiandika tangu Jumatano. Zile nne nimezichana, zote zilikuwa na Mjerumani.

Ningekuja Bombolulu mwenyewe leo, si mbali, lakini mdomo wangu naujua. Nikikuona uso kwa uso utatafuta njia ya kukuchekesha, nawe utacheka, na mambo yatapita. Kalamu haina watazamaji. Kwa hiyo yuaja Nyamvula na barua hii mkononi.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Nilifungua chumba cha mama. Kufuli lilishika kutu, ikabidi nilipake mafuta ya taa. Sikuwa nimekifungua tangu arubaini yake, dada. Kitanda chake cha kamba kipo, mtungi upo, kawa lipo ukutani, mchwa wamelila upande mmoja. Palikuwa na harufu. Ama ni ya mama ama ni ya panya, nilisimama nikaamua ni ya mama. Nilidhani nikikifunga hatakwisha. Nikawabana watoto wangu, nikavunja baraza alilokaa hai ili nikilinde chumba alichofia. Hizo ndizo hesabu za mtu wa darasa la tano.

Kisha nikakuna nazi. Usicheke. Binti yangu mkubwa Dhahabu, aliyerithi jina la mama, alikuja kula chakula cha mchana akanikuta nimepanda juu ya mbuzi kama dereva wa trekta. Akasema, "Baba, nenda polepole, nazi haikimbii." Nilijikwangua vidole vitatu, na kimojawapo ni kile chenye elimu. Wali uliungua chini na juu ulikuwa uji, lakini katikati palikuwa na mahali pa kula.

Adhuhuri nikapakua. Baraza hakuna, nikaweka sahani kwenye kigoda mbele ya mlango, kawa juu yake, Dhahabu akawa mlinzi wa kuku. Nikatoka barabarani kutafuta mgeni.

Dada, mimi mtu wa kuvusha maelfu kwa siku, nilisimama barabara ya Bofu nusu saa nzima sikumpata hata mmoja. Kila niliyemwambia karibu chakula alisema, "Ahsante mzee, nina haraka." Mama mmoja alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mwengine aliniuliza ni chama gani. Nikarudi mikono mitupu. Na safari hii sikujificha nyuma ya choo cha mtu, naapa. Barabara ilikuwa imejaa watu, na wote walikuwa wanakimbia kama ninavyokimbia mimi.

Jael alikuwa anaanika nguo. "Jirani, unafunika nini hapo?" Nikamwambia ni sahani ya mgeni. Akafuta mikono. "Basi mimi simo. Miaka mitatu tunaanika kwenye kamba moja." Nikamwambia kaa. Nikammiminia maji, nikafunua kawa, nikamuuliza kama alivyouliza mama: watoka wapi, jamaa zako hawajambo, safari ilikuwaje? Alianza kwa kucheka. Kisha akanijibu kwelikweli, na jibu lilichukua muda kuliko wali. Mamake ni mgonjwa huko Vihiga tangu mwaka jana. Walizika mtoto hapa hapa, mtaa huu huu, mimi nikiwa ukuta wa pili, nami nilidhani zile ngoma ni za harusi. Miaka mitatu, dada.

Alipomaliza nikamwambia aliyekula omena zake alikuwa dadangu. Akasema, "Yule Mama Njugu aliyekaa hapa alikuwa anatazama mlango wako kama mtu anayetazama kaburi. Sikujua ni damu yako. Ningejua ningekuja mpaka feri nikuvute shati."

Nilimwambia angefanya vyema.

Sitakuahidi sahani ya kila siku. Tumekaa na Nyamvula tukasema kweli ya nyumba hii: Jumapili. Jumapili sisi sote tupo, nitakuna mimi, watapakua watoto kwa zamu, na yule ambaye haijulikani asoma lini ndiye atakayetumwa barabarani, maana kuzurura ni kipaji chake. Leo tumeanza. Amemleta mwendesha mkokoteni na mwenzake, na mwenzake hakualikwa. Tumemega.

Ufunguo nimeukata kwenye kamba ya filimbi, umo ndani ya bahasha. Usiurudishe. Chumba si cha mgeni wala si cha kuazima, ni chako kama kilivyokuwa cha mama. Nimekifagia, nimetoa panya, kitanda nimekikaza kamba upya. Sikukigusa kingine, ili ukipange mwenyewe. Kukuna nazi hujaitiwa. Kunicheka nikikuna, hilo naliomba. Na siku ukivuka, usijifunike uso. Ama jifunike, lakini niite jina, kwa sauti, hata kama kuna malori. Nitayasimamisha.

Lililobaki ni lile nililoanzia mwezi wa sita. Nilikwambia Mungu kanipa bahati ya wageni. Tangu arubaini ya mama mpaka Ijumaa hii hajala mgeni hata mmoja nyumbani kwangu. Karani hakuwapo. Watu wa Kwale hawakuwapo. Kofia niliiokota kwenye feri. Nilikudanganya, dada, yote.

Ishaka